Kawa inatoka kwetu, kikombe kiko wapi?

Asubuhi katika Rughenda, mtaa wa Butembo unaojulikana kwa uwanja wake wa ndege, mtu anayetafuta kitu cha moto hakosi pa kuingia. Kuko mama wa mandazi mwenye termosi mbili, kuko restora ya mbao yenye benchi tatu na pazia mlangoni. Anauliza: «Mama, kawa iko?» Anajibiwa: «Iko, papa, ikala.» Kisha inaletwa maji ya moto, sukari, kijiko na mkebe wa unga uliotengenezwa ng'ambo. Anachanganya mwenyewe. Anakunywa, analipa, anaenda zake.

Mkebe huo umevuka bahari kufika katika mji ambamo magunia ya kawa yanapita kwenda mpaka wa Kasindi. Hakuna anayeshangaa, na hapo ndipo shida ilipo. Butembo ni mji wa wafanyabiashara. Watu wake wanajua bei ya kila kitu kutoka Kampala hadi Guangzhou, lakini mkaaji wake akitaka kuonja kawa ya Lubero iliyokaangwa vizuri, akiwa ameketi mahali anapojulikana kwa jina, anatafuta sana.

Si kwamba kawa yenyewe ni mbaya. Miinuko ya Lubero na miteremko ya Rwenzori inatoa arabika ambayo wanunuzi wa mbali wanaifuata. Ushirika wa Kawa Kanzururu, chini ya mlima wa theluji, umewazoesha wakulima kuchuma tunda jekundu tu, kuliosha katika vituo vidogo na kulianika juu ya vitanda vya waya. Butembo yenyewe kuko Soprocopiv, inayofanya kazi hiyo na wakulima kwa miaka mingi. Kawa hiyo inafika Ulaya, huko pakiti inaandikwa Kivu au Rwenzori, na mnunuzi anaambiwa ladha yake inafanana na matunda gani. Mkulima aliyeitunza hajawahi kuionja, au aliionja siku moja mnunuzi mzungu alipokuja na mashine yake.

Sababu ni ya zamani. Wakati wa Wabelgiji kawa ilipandwa iuzwe, si inywewe. Baada ya uhuru ikawa ada ya shule, mabati ya nyumba, mahari. Chini upande wa Beni watu walipanda robusta, hadi ugonjwa wa kunyauka, trakeomikozi, ulipoingia miaka ya 1990 na kuikausha miti shamba kwa shamba. Vita vikafuata. Nchi iliyouza nje karibu tani 120 000 kwa mwaka mwishoni mwa miaka ya 1980 ilishuka hadi karibu tani 10 000 katika takwimu za serikali, huku sehemu nyingine ikivuka usiku kwenda Uganda bila karatasi. Wakulima wengine walifika hata kuuza kawa ikingali maua kwa mfanyabiashara aliyewakopesha. Mtu aliyekwisha kuuza maua hawezi kufikiria kikombe. Kwake kawa ni pesa, na nani anakunywa pesa?

Lakini tuangalie Zanzibar. Kisiwa hicho utajiri wake ulikuwa karafuu, na kawa wanayokunywa inatoka bara. Pamoja na hayo, jioni katika Mji Mkongwe, pale panapoitwa Jaws Corner, wanaume wanakaa kwenye baraza za mawe, muuzaji anapita na birika juu ya makaa, anamimina katika vikombe vidogo visivyo na mkono, na siasa ya nchi nzima inachambuliwa hapo juu ya dhumna. Kikombe kinalipwa kwa sarafu, pamoja na kipande cha kashata. Mombasa na Lamu ni vilevile. Hakuna mashine ya Italia, hakuna viti vya ngozi. Watu wasiolima kawa wameijengea kiti. Sisi tunaoilima tumeijengea bohari.

Wengine watasema ni mambo ya pesa. Hesabu si ngumu. Kilo moja ya kawa mbichi ikikaangwa inapoteza kama gramu mia mbili za uzito. Zinazobaki, kwa gramu kumi kila kikombe, zinatoa vikombe karibu 80. Mama akiuza kikombe franka 500 tu, anapata franka 40 000 kutoka kilo moja, kisha aondoe makaa, sukari na ile kawa yenyewe. Sufuria nzito anayo. Kinu anacho. Anachohitaji ni kujifunza kukaanga bila kuunguza, maana kawa nyingi inayokaangwa majumbani inageuka makaa kwa sababu moto ni mkali na mwiko haugeuzi. Hilo linafundishika kwa siku mbili, na walio na ujuzi huo wako mjini humu humu, katika ushirika. Ni ajabu kwamba ushirika unaojua kumridhisha mnunuzi wa Ubelgiji haujaweka meza mbili barabarani kwa ajili ya jirani.

Butembo isiige nyumba za kawa zilizofunguliwa Goma kwa ajili ya wafanyakazi wa mashirika, ambako kikombe kilihesabiwa kwa dola na mwanafunzi alipita nje tu. Mahali pa kupendwa katika mtaa ni mahali ambapo mwenye nyumba anajua nani anaweka sukari tatu na nani haweki, ambapo mwendesha pikipiki na mwalimu wanakaa benchi moja, na ambapo mtu akikosekana siku mbili anaulizwa. Mwanafunzi wa Université Catholique du Graben angepata pa kusomea bila kulazimika kununua bia. Leo mtu akitaka kuzungumza na rafiki nje ya nyumba, mara nyingi njia ni nganda au kasiksi, na mazungumzo ya saa kumi jioni yanaishia vibaya saa mbili usiku. (Wasabato, ambao ni wengi upande wa Lukanga, hawatakunywa kawa. Maziwa ya moto yawepo pia. Benchi ni ileile.)

Kuna jambo zito zaidi. Mji huu unajua gharama ya uvumi. Wakati wa Ebola, kati ya 2018 na 2020, Butembo na Katwa zilikuwa kati ya sehemu zilizoumia zaidi. Kituo cha matibabu kilichomwa moto Februari 2019, na Aprili mwaka huo daktari Richard Mouzoko aliuawa kwa risasi katika hospitali ya chuo kikuu. Si kikombe cha kawa ambacho kingezuia hayo. Ila maneno mengi ya siku zile yalizunguka kwa simu na kwa manong'ono, bila mtu wa kumwangalia msemaji usoni na kumuuliza: wewe, uliona? Mabaraza ya pwani yana udaku wao, lakini yana pia mzee anayeuliza swali hilo.

Na vita? Ni kweli, kuzungumza juu ya kawa wakati ADF wanaua watu wa Beni na Lubero kunaweza kuonekana ni dharau. Mnamo Juni 2024 M23 waliingia Kanyabayonga na Kirumba, na familia nyingi zilikimbilia kaskazini, Lubero na Butembo. Lakini kati ya waliokimbia wamo watu waliolima kawa maisha yao yote, na leo wanabeba mizigo sokoni. Hao wanaijua kawa kuliko mwenye restora yeyote. Mmoja wao akipewa sufuria, makaa na kilo tano za kuanzia, ana kazi. Chama cha akiba cha mtaa kinaweza kutoa mtaji huo bila kungoja mradi wa mtu.

Mahali pa kuanzia pako wazi. Mbele ya uwanja wa ndege wa Rughenda wanasimama wasindikizaji, waendesha pikipiki wanaongoja abiria, wasafiri ambao ndege yao imechelewa. Wanasimama tu, mikono mfukoni, na Butembo asubuhi kuna baridi.