Daktari wa Afya ya Jamii Aruhusiwe Kwenda, Kisha Arudi

Daktari wa afya ya jamii anapoomba ruhusa ya kufanya kazi nje ya nchi, wakubwa wake huona pengo tu. Naamini wanakosea. Ebola ilipoikumba Afrika Magharibi kati ya mwaka 2014 na 2016 na kuua watu zaidi ya 11,000, Umoja wa Afrika ulipeleka mamia ya wahudumu wa afya, wakiwemo Waganda na Wakenya. Kule Liberia na Sierra Leone maabara pekee isingetosha: ndugu waliosha maiti zao kwa heshima, na ugonjwa ukaenea misibani. Amri zilipokuja peke yake, baadhi ya watu walificha wagonjwa na kuzika usiku. Ilibidi masheikh, wachungaji na machifu washirikishwe kupanga mazishi ya staha na salama. Stadi hii ya kusikiliza kabla ya kuagiza hujengeka haraka ugenini, ambako daktari hana cheo wala mazoea ya kumbeba.

Watasema maradhi ya kufundishia tunayo hapa hapa. Kweli, mlipuko wa Ebola wa Gulu, Uganda, mwaka 2000 uliwapa Waganda ujuzi mkubwa, ndiyo maana walihitajika. Lakini mlipuko wa aina hiyo hauji kila mwaka, na stadi isiyotumika hufifia. Hofu ya kwamba wakienda hawatarudi ni nzito zaidi, maana wengi wamehama kwa kukosa mishahara ya kutosha na vifaa. Basi safari iwe ya miezi maalumu, ajira ya daktari ilindwe, na akirudi apelekwe wilayani kufundisha timu za huko, asifungiwe makao makuu.