Bastola Gani, ya Mwaka Gani?

Wapenzi wa riwaya za kihistoria, kuna uzembe mmoja tunawaachia sana waandishi wetu. Wanatafiti mavazi, vyakula, hata majina ya mvua. Ikifika zamu ya silaha, eti mzungu "anachomoa bastola", basi, imeisha. Bastola gani? Ya mwaka gani?

Chukulia hadithi ya kubuni iliyowekwa Gehandu, kule Mbulu na Hanang. Wajerumani walitawala huko hadi 1916, mwaka ambao majeshi ya upande wa Uingereza yaliteremka kutoka Arusha mpaka Kondoa. Sasa mpe ofisa wa Kijerumani wa 1905 Webley Mk VI, revolva ambayo jeshi la Uingereza liliipokea mwaka 1915. Umeshaharibu! Msomaji anayezijua silaha atadhani muuaji ni Mwingereza, na dhambi ya dola moja umeitwisha dola nyingine.

Na wala si kazi ngumu. Anza na umbo. Revolva za jeshi la Ujerumani za 1879 na 1883 hujazwa kupitia kijilango cha pembeni, risasi moja moja, na maganda husukumwa nje moja moja kwa kijiti. Webley ukiinamisha mtutu hufunguka katikati na kutema maganda yote sita kwa pamoja. Enfield No. 2 nayo hufunguka hivyohivyo, lakini ni ya miaka ya 1930.

Kisha soma namba iliyogongwa kwenye chuma. Peke yake haisemi kitu, maana kila kiwanda kilihesabu kivyake. Ukishajua kiwanda na toleo, ndipo inasema: revolva ya kijeshi ya Smith & Wesson yenye herufi V mbele ya namba ni ya Vita Kuu ya Pili.

Watasema, "Hii ni riwaya, si makumbusho." Sikubali. Mengi ya wakati ule yamebaki midomoni mwa wazee. Riwaya ikichapishwa, kesho mwanafunzi anaitumia kama ushahidi. Tena hata kisanaa mnajipunja: ofisa anayetoa maganda moja moja huku wenye mikuki wanamkaribia, hofu hiyo inatosha sura nzima.

Wahariri nanyi msijifiche. Mnasahihisha mkato, mnaacha miaka kumi ya uongo.

Kabla hujaandika "akachomoa bastola", jiulize ni ipi na ilitengenezwa lini. Ukikosa jibu, mpe kiboko tu. Kiboko hakina namba.