Usukani wa mbio kwenye vumbi la Isansa

NJE YA LAMI
Na Lazaro Nzunda

Hela ya kahawa ikishaingia mifukoni, Isansa huwa na jambo jipya la kushindania. Safari hii ni usukani. Ule mdogo, wa ngozi nyeusi, mikono mitatu, katikati kitufe cha honi chenye nembo ya MOMO, iwe halali au ya kughushi. Unanunuliwa Tunduma, unafungwa Vwawa, na jioni gari limeegeshwa mbele ya baa, vioo vimeshushwa ili wapita njia wauone.

Siwacheki. Tamaa hii tumeizaa wenyewe. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda Safari Rally kwa Datsun 240Z, na 1973 Shekhar Mehta akashinda kwa gari la aina hiyo hiyo. Mpaka leo ukiitaja Datsun mbele ya mzee aliyekuwa kijana wakati huo, jiandae kukaa kitako.

Kwa hiyo mwenye Datsun, Escort au Celica ya enzi hizo abadili tu. Magari yale hayakuwa na eabegi, na usukani wake ulikuwa mpana kwa sababu hayakuwa na pawa stelingi. Ila ajue anachonunua. Ukitoa usukani wa sentimita 40 ukaweka wa 35, mikono itadaiwa nguvu zaidi kwa kama asilimia 14. Kwenye lami hutasikia sana. Kwenye makorongo ya masika utasikia mabegani.

Tatizo kubwa lipo kwenye kiungo. Usukani wa mbio haukai wenyewe kwenye shafti. Unahitaji adapta ambayo meno yake yanalingana na meno ya shafti ya gari hilo, si gari linalofanana nalo. Halafu kuna matundu sita ya boliti. Ya MOMO yamepangwa kwenye duara la milimita 70, ya Nardi milimita 74. Tofauti ni milimita nne tu, na hapo ndipo fundi Maiko anapochukua drili akatanua matundu. Boliti zinaingia, mteja anafurahi, na usukani unaanza kucheza taratibu mpaka siku uko kwenye mteremko wa Senjele na lori lipo nyuma yako.

Fundi wa kweli utamjua mapema. Ananyoosha magurudumu, anaweka alama kwenye shafti kabla ya kufungua, na nati kubwa haitoi yote: anaiacha kwenye nyuzi mbili tatu ili usukani ukichomoka kwa kishindo usimpige usoni. Akimaliza anajaribu honi, kisha anakata kona aone kama indiketa inajizima.

Sasa Altezza. Gari hili lilitoka Japani 1998 likiwa na eabegi ndani ya usukani, na Noah nyingi zinazobeba abiria huku kwetu ni hivyo hivyo. Ukiutoa usukani wake umeitoa na eabegi. Taa ya tahadhari itawaka kwenye dashibodi, na fundi ataifunga mdomo kwa kung'oa balbu au kuunga rezista ili gari lidhani kila kitu kipo. Huo si urembo tena. Ni ulaghai, na anayeulipia mara nyingi ni mtu wa tatu, aliyenunua gari mkononi akiamini lina kinga. Kwa gari la abiria ningependa liwe kosa la kunyang'anywa leseni.

Askari wetu wa usalama barabarani hukagua leseni, bima, matairi na mtungi wa kuzimia moto. Nawaomba waongeze jambo moja lisilochukua hata dakika: dereva azime gari, afungue swichi tena, wao watazame dashibodi. Taa ya eabegi inatakiwa iwake sekunde chache kisha izimike. Isipowaka kabisa kwenye gari lililotoka na eabegi, au ikiwaka huku usukani ni wa dukani, gari hilo lirudi gereji. Na wewe unayekwenda Tunduma kununua gari la mkononi, fanya hivyo hivyo kabla hujatoa hela.