KOLEO LIKIVUNJIKA, UHUNZI UPO

Katika kila mtaa na kila kijiji chetu yupo kijana aliyekatizwa masomo. Mmoja alikosa karo. Wa pili alitolewa darasani akachunge ng'ombe. Wa tatu alipata mimba, akafukuzwa. Twapita mbele yao kila siku, na wengi wetu hutikisa kichwa na kusema, "Huyu basi tena." Maneno hayo sisi twayakataa.

Tukumbuke tulikotoka. Mwaka 1955, shule za mkoloni zilipokuwa hazina nafasi kwa watoto wetu wengi, wana-TANU hawakukaa kulia. Waliunda chama cha wazazi, TAPA, kikafungua shule. Kisha mwaka 1970 ukatangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na aliyejua kusoma akamfundisha asiyejua.

Leo milango ipo. Ipo MEMKWA kwa waliokosa elimu ya msingi. Yapo madarasa ya Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima kwa wanaotaka sekondari. Vipo Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, vilivyoanza mwaka 1975, vinavyofundisha useremala, ushonaji na kilimo. Tena tangu Novemba 2021, msichana aliyeacha shule kwa ajili ya uzazi ana ruhusa ya kurudi.

Basi mbona wengi hawaingii? Kijana wa miaka 18 aogopa kuchekwa akionekana na daftari. Msichana hana wa kumshikia mtoto. Aibu hiyo si yao. Ni yetu sisi tunaocheka. Masomo haya ni ya hiari, hakuna askari wa kumpeleka mtu darasani. Kwa hiyo neno moja la jirani laweza kumwinua kijana, na neno moja laweza kumrudisha nyuma.

Twawaomba wanachama: kila tawi liwahesabu vijana wake walio nje ya shule, liwafuate nyumbani, liwaonyeshe darasa lililo karibu. Mwalimu mstaafu ajitolee saa mbili kwa juma. Bibi amshike mjukuu mama yake asome. Na baba asiseme kwamba fedha yake imekwisha kupotea mara moja. Elimu haijapata kumtia mtu hasara.

Nanyi vijana, wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Chukueni daftari, ingieni darasani. Nchi hii haina kijana wa kutupa.