Uso Mmoja, Hewa Mbili



Binti mmoja wa Mombasa, aliyeolewa Wote katika kaunti ya Makueni, ameniletea swali ambalo naona linawahusu wengi. Kwao alizoea kwenda saluni kusafishwa uso kila baada ya wiki mbili. Tangu ahamie bara huenda kila wiki, kwa kuwa uso umekuwa mkavu na unamwasha. Kila atokapo huona nafuu ya siku mbili, kisha hali hurudi mbaya kuliko awali. Mumewe ameanza kunung'unikia gharama, naye ameanza kuhisi kwamba mume hamjali. Auliza: mara ngapi ndiyo sawa?

Mwanangu, tuanze na hewa. Mombasa hewa ina unyevu wa bahari, na uso hushinda na jasho na mafuta. Wote na Kitui ziko kwenye nyanda kavu, zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Masika yakiisha mwezi wa Mei, hufuata miezi ya ukavu, upepo na vumbi hadi vuli ya Oktoba. Uso uliolalamikia mafuta pwani, huko hulalamikia kiu. Umehama wewe, lakini mazoea ya saluni yamebaki Mombasa.

Ngozi ya juu ya mtu mzima hujifanya upya kwa muda wa siku 28 hivi, na umri ukisonga huchelewa zaidi. Kufukizwa mvuke na kusuguliwa huondoa ngozi iliyokufa. Yakirudiwa kila wiki huondoa hata mafuta yanayouzuia unyevu usitoke. Ile nafuu ya siku mbili ni ya krimu ulizopakwa mwishoni. Wahenga walisema: kipya kinyemi, ingawa kidonda.

Kwa hiyo, mwenye ngozi ya mafuta na asogee baina ya wiki nne na sita. Mwenye ngozi kavu, mara moja kwa miezi miwili au mitatu yatosha, na wakati wa kiangazi aombe asisuguliwe wala asifukizwe mvuke mwingi. Mwenye vipele vya usaha au ukurutu aanze kwa daktari wa ngozi, si saluni. Ngozi yetu nyeusi ikijeruhiwa huacha alama zinazokaa miezi. Tena uliza krimu ina nini. Zebaki na haidrokwinoni zimepigwa marufuku katika vipodozi nchini Kenya, na krimu isiyo na maandishi ya vilivyomo usiikubalie uso wako.

Bibi zetu walijua kiasi. Bibi arusi alisingwa kwa singo na kupakwa liwa kwa kuwa ile ilikuwa siku yake; hakusingwa kila Ijumaa ya maisha yake.

Ama gharama, nawe ipime kwa haki. Tuseme kila safari ni shilingi 1,500. Kila wiki ni shilingi 78,000 kwa mwaka. Kila mwezi ni 18,000. Mara nne kwa mwaka ni 6,000. Katika nyumba changa, tofauti hiyo ni karo, au ni tangi la maji, na mkaazi wa Ukambani hahitaji kuelezwa thamani ya tangi.

Shauri langu ni hili. Pumzika wiki nne kamili. Uso unautia maji mara tano kwa siku kwa ajili ya udhu. Baada ya kila udhu, ngozi ingali na unyevu, jipake mafuta mepesi yasiyo na manukato. Acha sabuni kali, na utokapo juani jifunike vizuri au upake losheni ya kukinga jua. Wiki nne zikipita, jitazame kwenye kioo, ndipo uamue. Ukiona bado unawasha, mwone daktari.

Na wewe baba wa nyumba, usimwite mkeo mbadhirifu kabla hujamuuliza uso unamwasha wapi. Huenda alikuwa akitafuta dawa, wewe ukadhani anatafuta anasa. Kaeni pamoja mpange mara ngapi, na mkishapanga, mpe fedha hizo kwa moyo mkunjufu.

Wabillahi tawfiq.