Kuimarika si Kukomaa: Je, Chicago Walikosea Kumwachilia Justin Fields?

Wahenga wetu hawakutuachia hukumu moja kuhusu subira. Walituambia kwamba haraka haraka haina baraka, kisha wakatuonya kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo. Mwanafunzi wa fasihi simulizi hufunzwa mapema kwamba methali hizi mbili hazigombani, kwani kila moja ina muktadha wake. Tatizo huzuka pale muktadha unapokuwa mmoja na methali zote mbili zikaudai. Hivyo ndivyo ilivyokuwa mjini Chicago, nchini Marekani, kati ya Januari na Machi 2024, klabu ya Chicago Bears ilipolazimika kuamua iwapo itamweka au itamwachilia kijana Justin Fields.

Huenda msomaji akauliza ni kipi kilichoileta futiboli ya Kimarekani katika jarida la wapenzi wa Kiswahili. Nitajibu kwamba lugha isiyojadili mambo ya ugenini hubaki kuwa ya jikoni na sokoni tu. Isitoshe, katika majira yao ya baridi, mechi inayoanza saa sita adhuhuri kule Chicago hutufikia hapa Kenya saa tatu za usiku, na wamo vijana katika mabweni yetu wanaoikodolea macho. Wanapobishana, hubishana kwa Kiingereza au kwa Sheng. Kikwazo cha kwanza ni istilahi. Yule mchezaji asimamaye nyuma ya safu ya walinzi wake, akapokezwa mpira, kisha akaamua katika muda wa sekunde mbili au tatu kama ataurusha, atampa mwenzake au atakimbia nao mwenyewe, tumwiteje? "Mrushaji" hakutoshi, maana kurusha ni sehemu tu ya kazi yake. "Nahodha" kungefaa kwa maana yake ya asili, ya mtu anayekiongoza chombo baharini, ila kandanda yetu imeshalichukua neno hilo kwa kazi nyingine. Hadi wanaistilahi watakapotuamulia, nitamwita kwotabeki na kumtia katika ngeli ya A-WA bila kuomba radhi.

Fields, aliyetoka Chuo Kikuu cha Ohio State, aliteuliwa na Bears mwaka 2021 akiwa wa 11 katika orodha ya chipukizi wa mwaka huo. Ili wamfikie, Bears walibadilishana nafasi na New York Giants na kuongeza juu yake nafasi yao ya raundi ya kwanza ya mwaka uliofuata. Hiyo haikuwa bei ya kujaribia. Klabu hii iliyoasisiwa mwaka 1920 imewahi kuwa na wazuiaji na wakimbiaji wa kusifika, ila makwotabeki hodari kwake wamekuwa adimu kama maziwa ya kuku. Mwaka 2017 ilimchagua Mitchell Trubisky na kumwacha Patrick Mahomes aende Kansas City, na jeraha la uteuzi huo lilikuwa lingali bichi.

Mwaka 2022 kijana huyu alikimbia na mpira jumla ya yadi 1,143. Kabla yake ni kwotabeki mmoja tu katika historia ya ligi ya NFL, Lamar Jackson, aliyewahi kupita idadi hiyo kwa msimu mmoja. Mwezi wa Novemba mwaka huo, dhidi ya Miami, alikimbia yadi 178 katika mechi moja, akavunja rekodi ya makwotabeki katika mechi za msimu wa kawaida. Hata hivyo Bears walishinda mechi tatu tu kati ya 17 na kumaliza mkiani kabisa mwa ligi.

Anayemaliza mkiani hupewa haki ya kuteua wa kwanza. Meneja mkuu Ryan Poles hakuitumia haki hiyo kutafuta kwotabeki mwingine. Mnamo Machi 2023 aliiuza kwa Carolina Panthers, akapewa mpokeaji DJ Moore pamoja na nafasi kadhaa za uteuzi, mojawapo ikiwa ya raundi ya kwanza ya mwaka 2024. Kwa maneno mengine, alimpa Fields mwaka mmoja zaidi na mtu wa kumrushia mpira. Kisha Panthers wakashinda mechi mbili tu msimu huo, na nafasi waliyoiuza ikageuka kuwa ya kwanza kabisa. Subira ilivuta heri kama isemwavyo, lakini heri yenyewe ilikuja na jina la mtu mwingine: Caleb Williams wa Chuo Kikuu cha Southern California. Sijui kinaya kikubwa kuliko hicho katika michezo. Asingestahimiliwa Fields mwaka ule wa 2023, asingepatikana wa kumrithi.

Waliotaka abaki hawakuwa watu wa hisia tupu. Tangu arejee uwanjani mwezi wa Novemba 2023 baada ya kuumia kidole gumba, timu ilishinda mechi nne kati ya saba. Mnamo tarehe 31 Desemba, theluji ikianguka juu ya uwanja wa Soldier Field, waliwashinda Atlanta kwa alama 37 kwa 17, na mashabiki wakaimba kwa sauti moja kwamba wanamtaka Fields. Huku kwetu ilikuwa usiku wa kuamkia mwaka mpya na watu wengi walikuwa kwenye kesha makanisani. Mimi nilikuwa upande wa wale waimbaji wa Chicago. Kijana alikuwa na umri wa miaka 24. Alikuwa amefundishwa na makocha wakuu wawili katika miaka mitatu. Kila mwaka alikuwa bora kuliko mwaka uliotangulia. Unamfukuzaje mtu anayepanda ngazi?

Ni hapo nilipokosea, na kosa langu lilikuwa la kilugha kabla ya kuwa la kimichezo. Nililitumia neno moja, "kuimarika", kubeba maana za maneno manne. Kiswahili kina ukwasi wa kutosha katika jambo hili. Kuna kukua, kuna kuimarika, kuna kupevuka au kukomaa, na kuna kuiva. Anayeishi penye miembe anajua kwamba embe changa huongezeka ukubwa kila siku na bado halijapevuka. Lililopevuka ukilivumbika huiva, lakini changa ukilivumbika husinyaa. Swali walilokuwa nalo Bears halikuwa kama Fields anaongezeka. Lilikuwa kama amepevuka, ili wamvumbike kwa mkataba mpya.

Tutazame tarakimu. Mwaka 2021 asilimia 58.9 ya mipira aliyorusha iliwafikia wenzake. Mwaka 2022 ikawa 60.4, na 2023 ikawa 61.4. Mhadhiri yeyote anazijua alama za namna hii: anazifurahia, anaandika "ongeza bidii" pembeni, kisha anajiuliza mwenyewe kimoyomoyo mwanafunzi huyu atahitimu lini. Wastani wa ligi katika miaka hiyo ulikuwa ukizidi asilimia 64. Kwa mwendo ule angehitaji misimu mingine mitatu hivi ili awe wa kawaida tu.

Lakini kipimo hicho hakinitoshi, kwa sababu nitakayoieleza baadaye. Kilicho muhimu zaidi ni idadi ya mara ambazo kwotabeki huangushwa chini mpira ukiwa bado mikononi mwake, kwa kuwa hapo ndipo tunapoona kama ameiona hatari kabla haijamfikia. Fields aliangushwa mara 36 mwaka wa kwanza, mara 55 mwaka wa pili na mara 44 mwaka wa tatu. Ukigawa kwa mechi alizoanza, yaani 10, 15 na 13, unapata zaidi ya mara tatu kwa kila mechi katika miaka yote mitatu. Miguu yake iliongezeka wepesi wa kumponya, mkono wake uliongezeka shabaha, lakini saa iliyo kichwani mwake haikubadilika sana. Katika mechi zote 38 alizoanza, timu ilishinda 10.

Suala la fedha nitaligusa kwa ufupi. Mkataba wa chipukizi wa raundi ya kwanza huwa wa miaka minne, klabu ikiwa na hiari ya kuongeza wa tano. Mwaka huo wa tano ungewagharimu Bears zaidi ya dola milioni 25 kwa Fields, na iliwabidi waamue mapema mwezi wa Mei 2024. Mkataba wa Williams wa miaka yote minne ulikuja kuwa takriban dola milioni 39. Ligi imeziwekea klabu kikomo cha mishahara tangu mwaka 1994, kwa hiyo kila dola anayopewa kwotabeki huondolewa kwa mlinzi wake.

Mtu atanikumbusha kisa cha Drew Brees, na ni haki yake. Brees aliteuliwa na San Diego Chargers mwaka 2001. Msimu wa 2003 alirusha mabao 11 na kunyang'anywa mipira 15 hewani, akawekwa kando. Mwaka 2004 klabu ikamleta Philip Rivers ili ashike nafasi yake. Brees akageuka mtu mwingine: mabao 27, mipira saba tu iliyonyakuliwa, ushindi wa timu mara 12 katika mechi 16. Tarehe 31 Desemba 2005 aliumia bega vibaya, na mwezi wa Machi 2006 akahamia New Orleans Saints. Miami pia walimtaka ila waliliogopa bega lile. Mnamo Februari 2010 aliwaongoza Saints kutwaa Super Bowl dhidi ya Indianapolis kwa alama 31 kwa 17. Chargers, wakiwa na Rivers ambaye hakika alikuwa mchezaji mahiri, hawakuifikia fainali hiyo hata mara moja.

Je, kisa hiki hakiwahukumu Bears? Nilidhani hivyo zamani. Tofauti ninayoiona sasa ni kwamba Brees hakuongezeka kwa vijipande. Alivuka kizingiti katika msimu mmoja, na kilichobadilika kilikuwa uamuzi wake: ni nani wa kumrushia, na ni lini wa kuacha. Chargers walikuwa na embe lililopevuka mkononi wakalitilia shaka kwa sababu ya bega. Bears walikuwa na embe zuri, kubwa, jekundu upande mmoja.

Yaliyofuata yanajulikana. Fields aliuzwa kwa Pittsburgh Steelers tarehe 16 Machi 2024. Huko alianza mechi sita na kushinda nne kabla ya Russell Wilson kurudishiwa nafasi. Mwaka 2025 alijiunga na New York Jets kwa mkataba wa miaka miwili wa dola milioni 40, na kufikia Novemba alikuwa ameshawekwa benchi. Williams naye aliteseka mwaka wake wa kwanza: aliangushwa mara 68, timu ikashinda mechi tano, mratibu wa mashambulizi na kocha mkuu wote wakafutwa kazi kabla msimu haujakwisha. Mwaka 2025, chini ya kocha Ben Johnson, aliangushwa mara 24 tu na Bears wakashinda mechi 11 na kuingia katika mchujo. Na hapa ndipo kile kipimo cha asilimia kinapoanguka kifudifudi: msimu huo mzuri, asilimia ya mipira ya Williams iliyofika ilikuwa takriban 58, chini ya ile ya Fields katika mwaka wake wowote.

Hata hivyo ningekuwa mwongo kama ningelimaliza jambo hili kwa kumpongeza meneja. Zile mara 24 hazikutokana na kichwa cha Williams peke yake. Kabla ya msimu wa 2025 klabu ilileta walinzi watatu wapya wa kati mbele yake, na ikamtafutia kocha aliyekuwa akisifika kwa kupanga mashambulizi. Fields hakuwahi kupewa kimojawapo kati ya hivyo viwili. Luke Getsy, aliyekuwa mwalimu wake wa mashambulizi kwa miaka miwili, alifutwa kazi Januari 2024, dalili kwamba klabu haikuridhika na ufundishaji wake. Miezi miwili baadaye mwanafunzi naye akaondolewa kwa kutojifunza vya kutosha, kwa malipo ya nafasi moja ya raundi ya sita.

Kwa hiyo hesabu ya Machi 2024 naikubali, na ule upinzani wangu wa wakati huo nimeufuta. Ile ya mwaka 2022, walipomsimamisha kijana wa miaka 23 nyuma ya safu iliyobomoka hata akabwagwa mara 55, bado wanadaiwa.