Ondoa mkono kwenye hiyo sindano!

Nimenyamaza wiki tatu hivi kwa sababu ya mteja mmoja aliyebadilisha mawazo kila Jumatatu. Leo nimerudi na dukuduku, na wala si la kompyuta. Ama tuseme ni la kompyuta kwa njia ya mzunguko.

Wanaonijua wanajua kwamba mchana nalipwa kuandika programu, na usiku, hapa chumbani kwangu Baba Dogo, natengeneza injini za ndege za mfano, zile ndogo zinazoongozwa kwa redio. Sirushi hapa, jamani! Kambi ya jeshi la anga ya Eastleigh iko karibu mno, na tangu kanuni za 2020 za vyombo visivyo na rubani hata mwenye uwanja mpana hana budi kujua anachokifanya. Hapa natengeneza tu. Watu huniletea injini zao, na nyingi zikifika mezani huwa zimeshapitia mikono ya yule adui yangu mkubwa, mtu wa kuzungusha sindano.

Kwa wasiojua, injini hizi hazina cheche kama za pikipiki. Plagi yake, tunaiita plagi ya glo, ina uzi mwembamba wa platinamu. Unaupasha moto kwa betri ya volti moja na nusu, injini ikishika unaondoa betri, na uzi unaendelea kuwaka wenyewe kwa sababu methanoli ikigusana na platinamu hutoa joto. Ndiyo maana ukitia petroli ya kituoni hupati kitu. Kabureta nayo ina sindano ya kupimia mafuta. Ukiifunga, mafuta hupungua na mchanganyiko huwa mwepesi. Ukiifungua, mafuta huongezeka na mchanganyiko huwa mzito. Ni skrubu moja tu inayokaa nje, inafikika kwa vidole viwili, haihitaji hata bisibisi. Na hapo ndipo balaa linapoanzia! Kitu kilicho rahisi kushika ndicho kinacholaumiwa kwanza.

Mwezi uliopita nililetewa injini ya .46, yaani sentimita za ujazo saba na nusu hivi. Ugonjwa wake: inawaka vizuri, ndege inapaa vizuri, baada ya dakika tano hivi inalia kwa sauti kali ya juu, halafu kimya. Mtaalamu wa kwanza alifungua sindano. Ndege ikawa inatoa moshi na kukohoa, haina nguvu ya kupaa. Wa pili akaifunga, tena akapitiliza. Wa tatu akabadilisha plagi na kuzungusha sindano papo hapo, kwa hiyo hata ingepona asingejua ni kipi kilichoiponya. Wa nne akatoa hukumu: injini imekwisha, nunua nyingine. Katika safari hizo, mara moja ilizimika ikiwa juu ya vijana wanaocheza mpira. Kilo mbili na nusu za mbao na chuma, propela mbele! Ilianguka kwenye nyasi, Mungu mkubwa.

Hakuna hata mmoja aliyeuliza swali la bure kabisa: inazimika LINI?

Dakika ya tano ndiyo wakati tangi limefika nusu. Sindano haijui tangi lina kiasi gani. Kama sindano ingekuwa na kosa, kosa lingeonekana tangu tangi likiwa limejaa. Basi sikuigusa. Niliacha tangi la kwenye ndege, nikaunganisha tangi jingine la majaribio pembeni, kimo kilekile, nikapiga resi mpaka tone la mwisho. Injini haikusita. Kumbe injini haina hatia! Nikafungua tangi la ndege. Ndani yake kuna mpira laini wenye kijiuzito mwishoni, unaofuata mafuta popote ndege inapoinama. Karibu na kizibo mpira ulikuwa na tundu dogo kama la pini. Tangi likijaa, tundu limezama kwenye mafuta na halidhuru. Mafuta yakishuka chini ya tundu, injini inavuta hewa badala ya mafuta, inalia, inakufa. Mpira mpya ni bei ya chapati mbili.

Ila hasara ilikuwa imeshafanyika. Uzi wa plagi ulikuwa na vipunje vya chuma, na nilipozungusha propela kwa mkono pistoni haikubana tena. Kukimbizwa na mafuta kidogo kumeila, kwa maana mafuta ndiyo yanayobeba oili ya kulainisha. Mwenye ndege alilazimika kuagiza pistoni na silinda yake kutoka nje. Tatizo la chapati mbili limekuwa tatizo la kontena. Nani amlipe? Wataalamu wote wanne wako kimya.

Sasa wenzangu wa programu msicheke, maana ninyi ndio ninaowasema. Seva ikizimika saa nane usiku mnafanya nini? Mnaizima na kuiwasha. Ikirudi mnalala. Kumbukumbu zilizokuwa kwenye RAM zimefutika, ushahidi umekwenda, na wiki ijayo inazimika tena. Anayezungusha sindano kwanza anafanya jambo lilelile: anabadilisha hali ya mashine kabla ya kuisoma. Mimi kosa likijificha nagawa programu nusu, napima, nagawa tena nusu iliyobaki. Lile tangi la pembeni ni hilohilo. Hakuna uchawi.

Na msiniambie kwamba hii ndiyo tabia ya jua kali. Huo ni uongo wa watu wa ofisini. Shuka hapo Kariobangi Light Industries umtazame fundi wa bodaboda aliyeiva. Kabla ya kushika kabureta atauliza ilianza lini, ikiwa baridi au moto. Atatoa plagi aisome rangi: nyeusi yenye masizi ina maana mafuta yamezidi, nyeupe ina maana yamepungua. Ataweka mkono nyuma ya egzosi. Anasoma kwanza! Wazungusha sindano ninaowajua mimi wana digrii, na wengi wao wana video waliyoitazama jana.

Video zenyewe ni balaa la pili. Anayefundisha yuko mahali penye usawa wa bahari, anasema fungua sindano mizunguko miwili na nusu, na kijana wa Nairobi anaitii kama aya ya kitabu kitakatifu. Shinikizo la hewa Mombasa ni kama hektopaskali 1013. Hapa kwetu, zaidi ya mita 1,600 juu, ni karibu 830. Hewa imepungua kwa kiasi cha asilimia 18, kwa hiyo mafuta ya kipimo cha pwani ni mengi mno hapa, na injini itakohoa ikiwa nzima kabisa. Ubaya zaidi ni safari ya kuelekea chini: uliyeipima Nairobi ukaenda kuirusha Mombasa bila kufungua sindano, unaichoma mwenyewe.

Najua mtauliza, sindano basi iliwekwa ya nini? Ya kupimia, siyo ya kutibia. Nikishahakikisha plagi ni nzima, mpira hauvuti hewa, kijibomba cha shinikizo kutoka egzosi hadi tangi hakijachomoka, na mafuta ni mafuta kweli, hapo naigusa, kidogo kidogo, nikihesabu na kuandika. Tena kuna kipimo kisichoigusa: injini ikiwa kwenye resi ya juu, bana mpira wa mafuta kwa vidole nukta moja uachie. Mlio ukipanda kidogo, mafuta yalikuwa na ziada na uko salama. Ukizama papo hapo, yamepungua. Nukta moja tu! Lakini watu hawataki.

Nimesema mafuta ni mafuta kweli, na hapa sina mzaha. Mafuta haya kwa sehemu kubwa ni methanoli, pamoja na oili kama ya mbarika, na wengine huongeza nitromethani kidogo. Methanoli huvuta maji kutoka hewani, kwa hiyo mtungi ulioachwa wazi mwezi mzima unazaa ugonjwa ambao hakuna sindano itakayouponya. Hilo ni la injini. La binadamu ni hili: methanoli ndiyo ile iliyotiwa kwenye pombe Novemba 2000 ikaua zaidi ya watu 100 katika vitongoji vya Nairobi na kupofusha wengine, na ikaua tena Mei 2014 huko Embu, Kitui, Makueni na Kiambu. Halafu mtu ananiletea mafuta yake kwenye chupa ya soda, bila jina, ameipitisha kwenye ploti yenye familia kumi na watoto wenye kiu! Nilimrudisha na chupa yake. Moto wake nao mchana hauonekani kwa macho, unashtukia mkono unaungua.

Wapo wanaoniambia haya yote ni ya kizamani, hamia kwenye mota za umeme. Ni sawa, ni nzuri, ninazo mbili. Lakini mzungusha sindano akihamia kwenye umeme huhamia na tabia yake. Mota ikikata angani atanunua betri, halafu kidhibiti cha mwendo, halafu mota, na mwishoni utakuta ni waya uliochomewa vibaya, uko pale pale tangu siku ya kwanza.

Kuanzia mwezi huu kila injini inayotoka mezani kwangu nimeichora mstari wa rangi ya kucha, nyekundu, kutoka kwenye sindano hadi kwenye kabureta. Ikirudi na ugonjwa na mstari umekaa sawa, nitaitazama bure. Ikirudi mstari umekatika, tutaanza na bei.